Muulize Sista: "Kaka yangu anaumwa saratani na yuko Gereza la Kamiti. Je, anaweza kuja kufia nyumbani?"

Maswali ya safu hii hujibiwa na muuguzi mstaafu wa Nairobi aliyehudumu katika zahanati za magereza, na baadaye akawatunza majumbani wagonjwa ambao ugonjwa wao hauna tiba tena.

SWALI: Sista, shikamoo. Naishi Kayole, nauza mitumba Gikomba. Kaka yangu mkubwa alihukumiwa kunyongwa mwaka wa 2011 kwa wizi wa mabavu. Mwaka wa 2016 Rais alipobadilisha hukumu za kifo, yake ikawa kifungo cha maisha. Mwaka jana alianza kukwamwa na chakula. Walimpeleka Hospitali ya Kenyatta, wakamwingiza kamera kooni, wakasema ni saratani ya umio na imeshafika kwenye ini. Daktari aliniambia hakuna upasuaji tena. Amebaki mifupa, anateremsha uji tu, na uji wenyewe uwe mwepesi. Mama yetu yuko Murang'a, ana miaka 80, hawezi safari. Kaka haombi kitu kingine ila amwone mama. Wengine wananiambia nimwandikie Rais, wengine wananiambia kuna wakili wa elfu sitini anayejua watu. Sheria inaruhusu? Nianzie wapi? Na je, ni haki kuomba hivi ilhali kuna watu waliumia kwa mkono wake?
Dada mdogo, Kayole

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na hizo elfu sitini kwa kuwa ndizo za haraka: usizitoe. Kifungu cha 133 cha Katiba ya 2010 kinasema Rais anaweza kutumia mamlaka yake ya kusamehe kwa ombi la mtu yeyote, na wewe ni mmoja wao. Ombi hupitia kwa Kamati ya Ushauri kuhusu Mamlaka ya Msamaha. Humo mna Mwanasheria Mkuu, waziri anayesimamia magereza, na wengine wasiopungua watano wasio watumishi wa umma. Huyo anayejua watu anataka kukuuzia kilicho chako. Wakili ana kazi kama kaka yako bado ana rufaa mahakamani, maana rufaa na ombi la msamaha zisije zikagongana. Hapo tafuta wakili anayekupa risiti.

Usipoteze siku ukifuatilia punguzo la theluthi ya kifungo. Mfungwa wa kifungo cha miaka hulipata kwa bidii na tabia njema, na Sheria ya Magereza, sehemu ya 46, inampa mkuu wa magereza nchini uwezo wa kuongeza punguzo jingine kwa sababu ya ugonjwa wa kudumu. Kama kaka yako angekuwa na kifungo cha miaka kumi na mitano ningekuambia uanzie hapo. Lakini theluthi haimhusu mwenye kifungo cha maisha. Njia yake ni ya Kifungu cha 133. Nenda kwa afisa wa ustawi pale gerezani, umwambie unataka kuwasilisha ombi la msamaha kwa sababu ya ugonjwa usio na tiba. Kazi yake ni kukusaidia kulijaza na kuambatisha ripoti ya gereza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hukwama: barua ya daktari. Watu huleta karatasi ya hospitali yenye jina la ugonjwa, basi. Sheria ya Mamlaka ya Msamaha ya 2011 inaitaka kamati itazame afya ya mfungwa pamoja na mambo mengine mengi, ila jina la ugonjwa haliwaambii kama mtu huyu anaweza kunyanyuka kitandani. Mwombe daktari aandike ugonjwa umefika wapi, matibabu gani yamejaribiwa na yapi hayawezekani tena. Aandike kama kaka yako anaoga mwenyewe, anafika chooni mwenyewe, anameza nini. Aandike dawa anazohitaji na saa zake. Kisha aandike ni lipi kati ya hayo ambalo gereza haliwezi kumpa, na hilo ndilo zito kuliko yote.

Nikueleze kwa nini. Mwenye maumivu ya saratani hupewa mofini ya maji, dawa chungu, kila baada ya saa nne. Kipimo cha kulalia huwa mara mbili ili apate usingizi hadi alfajiri. Sharti apewe na dawa ya kulainisha choo, la sivyo tumbo linafunga na maumivu yanakuwa mawili. Gerezani milango hufungwa jua lingali juu. Kuanzia hapo ufunguo wa selo uko kwa mtu mmoja, ufunguo wa kabati la dawa uko kwa mwingine, na mgonjwa yuko ndani. Katika zahanati niliyofanyia kazi, wafungwa wenzake ndio waliokuwa wauguzi wa usiku. Mmoja alimgeuza ubavu, mwingine alikunja blanketi na kumwekea mgongoni, wa tatu aligonga mlango kwa kikombe cha bati hadi mtu akaja. Afisa wa zamu alikuwa mtu mwema, na hata yeye hakuruhusiwa kufungua akiwa peke yake. Hakuna aliyekuwa mkatili pale. Utaratibu wote uliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye nguvu za kuruka ukuta, na sasa ulikuwa unamlinda mtu asiyeweza hata kukaa.

Kwa hiyo anza wiki hii. Usingoje aache kumeza kabisa. Nimeona barua ya ruhusa ikifika gerezani mgonjwa akiwa tayari mochari. Nimeona mwingine akifikishwa kwao kwa pikapu, mama yake anamwita jina na yeye hamjui. Siku ya kuomba ni ile daktari anaposema hakuna tiba tena, mgonjwa angali anaweza kukaa kwenye kiti akala uji wa mama yake na kuujua ni wa mama yake. Nimelisema hili kwa maafisa, nimelisema kwa mapasta, nitalisema hadi nichoke.

Huku unasubiri, andaa nyumba. Kamati itataka kujua anakwenda wapi na nani atamtunza, na afisa wa probesheni anaweza kutumwa kuuliza huko Murang'a. Pata barua ya chifu. Tafuta kitambulisho cha kaka yako. Aliyefungwa tangu 2011 huenda chake kilipotea zamani, na bila kitambulisho hutamsajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Uliza mapema ni hospitali gani ya karibu na kwa mama yenye mofini, maana si zote zinazo. Nairobi Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa wasio na tiba, iliyoanza mwaka wa 1990 na iko eneo la Hospitali ya Kenyatta, ni mahali pazuri pa kuuliza hilo na pa kufundishwa namna ya kumlisha na kumgeuza. Kisha kaeni kama familia mjibu swali ambalo hakuna afisa atakayewauliza: nani ataamka saa nane usiku? Mama wa miaka 80 hawezi kumnyanyua mtu mzima, hata aliyebaki mifupa. Kama jibu ni wewe, Gikomba itasimama kwa muda, na ni vizuri ujue hivyo sasa.

Jambo moja zaidi. Ombi linaweza kuchelewa. Kabla lijibiwe, mwombe mkuu wa gereza kaka yako azungumze na mama kwa simu, na nyinyi mliobaki mruhusiwe kumwona kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Hilo halihitaji Rais. Omba kwa upole, omba kwa maandishi, ukae na nakala.

Umeuliza kama ni haki kuomba. Ni haki. Katiba, Kifungu cha 51, inasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kwenda pamoja na kufungwa kwake. Kufa bila dawa ya maumivu hakumo katika hukumu yoyote iliyowahi kusomwa Kenya. Kuhusu walioumia, soma barua inayofuata. Ilifika wiki moja na yako. Hamjuani, wala kesi si moja.

SWALI: Kwako Sista. Mume wangu aliuawa mwaka wa 2009 Kariobangi akifunga duka. Alidungwa kisu kwa ajili ya simu na mauzo ya siku. Niliachwa na watoto wawili, mdogo alikuwa hajaacha ziwa. Aliyemuua anatumikia kifungo cha maisha. Mwezi uliopita dada zake wawili walikuja kwangu na pasta wao. Walisema ana saratani ya tezi dume, imeingia kwenye mifupa, miguu haifanyi kazi. Walikuja na karatasi iliyokwisha kuchapwa, inasema nimemsamehe na sina pingamizi akiachiliwa, wakataka nitie sahihi. Sikutia. Pasta akanisomea Biblia. Tangu siku hiyo silali. Mume wangu alifia kwenye sakafu ya duka, hakuna aliyemshika mkono. Kwa nini huyu apewe nafasi ya kufa kati ya watu wake? Na nisipotia sahihi, nitakuwa nimemuua?
Mjane, Umoja

JIBU: Dada yangu, hukumuua mtu na hutamuua mtu. Ile karatasi usiitie sahihi, wala usiwafungulie tena wanaokuja nayo. Msamaha ni neno lako, nao wamekuja na neno lako likiwa limeshachapwa. Pasta alikuja na Biblia upande mmoja tu wa mlango. Hakuuliza watoto wako walisomaje wala nani alilipa kodi ya nyumba miaka hiyo yote.

Sheria haikudai sahihi yako. Kifungu kile kile cha 133 kinasema kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa wa kosa. Inaweza kukusikiliza, na ukinyamaza bado inaweza kuamua. Basi ukitaka kusema, sema kwa maneno yako, kwa karatasi yako, uipeleke wewe mwenyewe kwenye kamati bila kuwapitia wao. Andika kwamba hujasamehe kama hujasamehe. Andika kwamba hutaki akanyage Umoja wala Kariobangi. Andika kwamba unataka kuambiwa wewe kwanza, kabla hujasikia kwa jirani kwamba ameonekana. Haya yote ni maombi halali, na yana uzito kuliko ile karatasi yao.

Umeniuliza kwa nini apewe nafasi ambayo mume wako hakuipata, na sitakukwepa. Mimi nasema aachiliwe. Mume wako alikosa mkono wa kumshika kwa sababu ya mtu huyu, kwa kitendo cha dakika chache, usiku, kwa tamaa ya simu. Sisi tunaoamua sasa hatuna haraka. Tuna ofisi, tuna mafaili, tuna miezi ya kufikiri. Tukikaa na kuamua kwa utulivu kwamba naye akose mkono, tumefanya jambo lile lile tukiwa na akili zetu timamu. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, hata pale mahakama zilipoendelea kutoa hukumu hiyo. Sitaki kilichoachwa kwenye kamba kirudi kupitia kitanda kisicho na dawa.

Hilo ni langu. Wewe huna deni la kukubaliana nami. Limpho Hani, mjane wa Chris Hani, kiongozi wa kupinga ubaguzi wa rangi aliyepigwa risasi Afrika Kusini Aprili 1993, alipinga hadharani kuachiliwa kwa Clive Derby-Lewis, mmoja wa wafungwa wawili wa mauaji hayo. Derby-Lewis alikuwa na saratani ya mapafu. Mahakama iliamuru aachiliwe kwa sababu ya ugonjwa mwaka wa 2015, akafa Novemba 2016. Naona uamuzi wa mahakama ulikuwa sawa, na naona mama yule alikuwa na haki ya kila neno alilosema. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja kifuani mwangu bila kugombana.

Najua pia unachoogopa ambacho hukukiandika: je, akitoka apone? Ogopa, kwa sababu yametokea ya kukutia wasiwasi. Abdelbaset al-Megrahi, aliyefungwa kwa ndege iliyolipuliwa Lockerbie mwaka wa 1988 ambapo watu 270 walikufa, alikuwa na ugonjwa huo huo wa tezi dume. Serikali ya Scotland ilimwachilia Agosti 2009 ikiambiwa amebakiza kama miezi mitatu. Alikufa Mei 2012. Familia nyingi za waliokufa ziliona zimechezewa. Afrika Kusini tena, Schabir Shaik, mfanyabiashara aliyefungwa kwa ufisadi, aliachiliwa mwaka wa 2009 kwa ugonjwa, baadaye akaonekana akicheza gofu. Jacob Zuma, rais wa zamani wa nchi hiyo, alikaa ndani kama miezi miwili tu mwaka wa 2021 kabla ya kutolewa kwa sababu za afya, na mahakama za nchi yake zikaja kusema haikuwa halali. Mwenye jina kubwa hupata daktari upesi. Mimi niliwaona wale wasio na jina, wanaopelekwa hospitali wamefungwa pingu ya mguu kwenye chuma cha kitanda, askari wawili wamekaa pembeni, na mguu wenyewe umevimba hata pingu inaacha alama.

Kosa la Lockerbie, kwa macho ya muuguzi, lilikuwa kumpa daktari kazi ya kutaja tarehe. Hakuna anayeijua. Saratani ya tezi dume hasa huweza kutulizwa na dawa za homoni ikaenda polepole, hata ikiwa imefika kwenye mifupa. Daktari anaweza kukuambia kama mtu anasimama, kama anajisaidia mwenyewe, kama ana nguvu za kumdhuru mwingine. Hayo yanapimika leo, na yanapimika tena baada ya miezi sita.

Na hapa nataka uielewe Katiba kuliko wale waliokuja na karatasi. Wao walikuambia "msamaha" kana kwamba mlango ni mmoja. Kifungu cha 133 kinampa Rais milango kadhaa. Anaweza kusamehe kabisa. Anaweza kusamehe kwa masharti. Anaweza kupunguza adhabu. Na anaweza kuahirisha utekelezaji wa adhabu, kwa muda uliowekwa au usiowekwa. Tazama huo wa mwisho. Hukumu ya aliyemuua mume wako inabaki pale pale, kifungo cha maisha, jina lake halisafishwi, hakuna anayesema deni limelipwa. Adhabu inasimamishwa kwa kuwa mwili umeshindwa kuibeba. Mlango huo ungetumiwa zaidi, na masharti yakaandikwa wazi (akae nyumba fulani, chifu na afisa wa probesheni wamjue, asikaribie kwako, daktari ampime tena), nadhani wajane wengi wangeweza kulala hata kama hawajasamehe. Kama utaiandikia kamati, iandikie hivyo: sisamehi, na mkiona lazima atoke, ahirisheni, msifute.

Watoto wako sasa ni wakubwa. Waambie kuhusu ile ziara. Wewe umeibeba peke yako tangu mwezi uliopita, na baba aliyekufa ni wao pia.

SWALI: Sista, mimi ni afisa wa magereza, sitataja wapi. Tuna mzee amepooza upande mmoja na ana kansa, daktari anasema hana muda. Yuko ndani zaidi ya miaka ishirini, mke alikufa, watoto hawajulikani waliko, shamba liliuzwa. Wakubwa wanataka aombewe atoke ili asifie kwetu. Atoke aende wapi?
Afisa, Nairobi

JIBU: Afisa, umeuliza swali ambalo wenye kutetea wafungwa, nami nikiwemo, hatupendi kuulizwa. Kumtoa mtu huyo mpaka langoni na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki ni kumtupa. Gereza likiokoa gharama na takwimu ya kifo kwa njia hiyo, hakuna rehema iliyotendeka. Usikubali jina lako liwe kwenye ombi hilo mpaka kuwe na nyumba yenye mtu na kitanda.

Kwanza mwulize mwenyewe. Miaka ishirini ni mingi, na kwa baadhi ya wazee watu wao ni wale wa bloku yake. Nimemsikia mmoja akisema kwamba huko nje hana anayejua hata jina lake. Kama wako anasema hivyo, mwache kati ya wanaomjua, lakini msimwache kama mfungwa wa kawaida. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa mwaka wa 2015, zinataka mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile kinachopatikana nje. Zishike kanuni hizo mkononi ukiongea na wakubwa wako.

Kisha mtafutie haya: kitanda cha chini karibu na mlango wa zahanati, godoro lisilo na shimo katikati, mfungwa mmoja au wawili waliofundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, na agizo la maandishi kutoka kwa mkuu wa gereza kwamba mlango wa mgonjwa huyo hufunguliwa usiku kwa ajili ya dawa bila kusubiri ruhusa nyingine. Mkuu huyo alete muuguzi wa huduma ya shufaa, yaani ya kuwatuliza wagonjwa wasio na tiba, awafundishe vipimo vya mofini. Kama anataka kutoka, jaribu kanisa au msikiti aliokuwa akisali kabla ya kufungwa, halafu chifu wa kwao. Wapo ndugu wa mbali waliokuja nilipodhani hakuna mtu.

Agizo la mlango ndilo la kwanza. Liombe kesho asubuhi, na uniandikie umeambiwa nini.